Daftari la Waoga wa Skelbeck

Kwa mamlaka niliyopewa na Waraka Namba Tisa, ninayo heshima kubwa kuwatangazia wakazi wote wa Skelbeck, Yorkshire, kwamba katika robo hii ya mwaka woga umepungua mjini kwa asilimia kumi na moja. Ushindi wa namna hii haujapata kuonekana tangu ofisi yetu ifunguliwe, na Mkurugenzi ameniagiza niueleze kwa kirefu ili miji mingine ijifunze.

Jina langu ni Clive Ormerod, Msaidizi Mwandamizi wa Naibu Mratibu katika Ofisi ya Ujasiri wa Akiba. Naibu Mratibu mwenyewe hajaajiriwa bado, kwa hiyo namsaidia kwa mbali. Kazi yetu ni hii. Kila mtu mzima katika nchi hii anaweza kuwa na Aisa, yaani akaunti ambayo mkono wa kodi hauifikii. Kuna Aisa ya hisa, ambayo leo inacheka na kesho inalia, na kuna Aisa ya fedha taslimu, ambayo imekaa tu kama mzee aliyeshiba. Wakubwa wetu wanataka watu wabaki kwenye hisa. Anayetaka kuhama kwenda kwenye fedha taslimu ni mwoga kwa mujibu wa kifungu cha pili, na jina lake huandikwa katika Daftari la Waoga, ambalo nalitunza mimi.

Mkurugenzi wetu ni Bwana Peregrine Lascelles, aliyeletwa kutoka London, jambo ambalo hatuwezi kulisahau kwa sababu hutukumbusha kila siku kabla ya chai. Ndiye aliyepiga marufuku ile methali ya haba na haba hujaza kibaba, kwamba haionyeshi ukuaji. Mstari wa hisa kwenye ubao wa ukutani ulipoanza kuteremka mwezi wa Januari, aliagiza ubao ugeuzwe juu chini, na kweli hali ikatengemaa siku ileile.

Katikati ya Februari aliingia Bi Maureen Hebblethwaite, amevaa koti la mvua, mkononi ana bahasha.

"Clive," akasema hata kabla sijamkaribisha, "bado huli njegere?"

Bi Maureen alipika chakula cha mchana shuleni kwetu kwa miaka thelathini na mmoja. Nikamjibu kwamba suala la njegere liko nje ya mamlaka ya ofisi hii.

"Haya, tuje kwenye lililo ndani. Nataka kuhamisha Aisa yangu ya hisa iende kwenye fedha taslimu. Yote."

"Kwa sababu ya woga?"

"Kwa sababu ya magoti ya Ted."

Akanieleza. Mumewe Ted tangu Krismasi hawezi kupanda ngazi. Analala chini kwenye kochi, mkewe analala juu peke yake, baada ya miaka arobaini na minne ya ndoa. Usiku wanaagana kwa kugonga: Ted anagonga dari kwa bakora, Bi Maureen anajibu kwa kisigino cha ndara. Sasa wamepata nyumba isiyo na ghorofa kule Filey, karibu na bahari. Wakiuza ya kwao watabakiwa na pengo la pauni elfu thelathini na tano, litakalolipwa mwezi wa Mei. Kwenye hisa alikuwa na elfu thelathini na nane.

"Leo zipo," akasema. "Mei sijui. Hisa zikianguka, nyumba imekwenda, na mimi nitagonga sakafu mpaka nife."

Mlango wa ndani ukafunguliwa, akatoka Bwana Lascelles. Ana masikio makali sana kwa neno kuanguka.

"Mama yangu," akasema, "hisa ni safari ndefu. Lazima uvumilie."

"Safari yangu ni ya Filey, mwanangu. Maili hamsini, na nataka kufika mwezi wa tano."

"Nitazame mimi. Kila peni yangu iko kwenye hisa, na nitazikwa nayo."

"Pole sana," akasema Bi Maureen. "Huna watoto?"

Mkurugenzi akarudi ndani. Nikafuata utaratibu. Nilimweleza mama kwamba fomu ya kuhamisha hujazwa katika nakala tatu, moja ikija kwetu kwa ajili ya Daftari, na kwamba kabla sijaigonga muhuri lazima apitishe siku kumi na nne za kutafakari, kila siku akitia saini mbele ya ofisa. Siku ambayo soko la hisa limepanda haihesabiwi, kwa kuwa mwananchi amepata sababu mpya ya kubaki. Siku ambayo limeshuka haihesabiwi pia, kwa kuwa uamuzi wa busara haufanywi mtu akiwa na hofu.

"Kwa hiyo inahesabiwa siku ambayo halijapanda wala halijashuka."

"Sawasawa."

"Na hiyo ni lini?"

Nikasema takwimu zinaonyesha kwamba soko hutulia kabisa siku za Jumamosi na Jumapili.

"Na ofisi yenu Jumamosi na Jumapili?"

"Imefungwa."

Watu wanane waliotangulia walipofika hapo walikwenda nyumbani, na majina yao yamo Daftarini mpaka leo. Bi Maureen alivaa miwani akaomba kanuni aisome mwenyewe. Aliisoma kwa dakika ishirini, akinywa chai yangu.

"Hapa imeandikwa mbele ya ofisa," akasema. "Haikuandikwa ndani ya ofisi. Bado unakaa Barabara ya Kinu, ile nyumba ya mlango wa kijani?"

Jumamosi ile nilikuwa naosha gari, nimevaa kaptura ambayo haijaidhinishwa na mtu yeyote. Bi Maureen akatokea kwenye geti na keki ya tangawizi, ile yetu nzito ya Yorkshire inayonata kwenye meno. Nikaingia ndani kulichukua Daftari, ambalo hulala kwangu. Nikamuuliza, kwa mujibu wa kifungu, kama ametafakari. Akasema ametafakari njia nzima na kwamba mapazia yangu yanataka kufuliwa. Akatia saini. Jumapili akarudi.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda, wiki saba. Kila Jumamosi alinisomea barua ya hisa. Elfu thelathini na saba na mia tano. Elfu thelathini na sita na mia tisa. Tulikula keki huku namba ikipungua, na mimi ofisa wa ujasiri nikajikuta naiomba barua ile kabla sijakata kipande.

"Ted anasemaje?" niliuliza siku moja.

"Ted ameanza kugonga mara mbili. Ya kwanza ni usiku mwema. Ya pili nadhani ni nenda kamuulize yule mpumbavu anataka nini zaidi."

"Mpumbavu ni Mkurugenzi?"

"Kunywa chai yako, Clive."

Nakiri, na naomba lisiingie kwenye faili langu, kwamba nilianza kuamka mapema siku za Jumamosi. Mapazia nikayafua. Na njegere alizoniletea wiki ya tano, zenye siagi na nanaa, nilizila zote.

Wiki ya mwisho ya Machi soko lilitetereka sana. Bwana Lascelles alitukusanya chini ya ubao, akapanda kwenye kiti.

"Wenzangu! Huu ndio wakati wa kusimama imara!" akasema. "Anayekimbia sasa ni panya!" Kisha akashuka, akachukua koti, akasema ana miadi na daktari wa meno. Jumatano alikwenda tena kwa daktari wa meno. Ijumaa pia. Sote tulimhurumia, maana mtu mwenye majukumu mazito husaga meno usingizini.

Jumapili ile Bi Maureen alitia saini ya kumi na nne, nami nikamsimulia habari za meno ya Mkurugenzi. Barua yake ilisema elfu thelathini na tano na mia mbili na kumi. Hakula keki.

Jumatatu asubuhi nilimsindikiza kwenye chama cha akiba cha mjini, pale ambapo Aisa za fedha taslimu hufunguliwa. Kanuni inataka mwoga asindikizwe, ili apate nafasi ya kughairi njiani. Nilikuwa na Daftari kwapani na muhuri mfukoni. Foleni ilikuwa imefika mlangoni, kama ilivyo kawaida mwaka wa kodi unapokaribia kwisha tarehe tano Aprili na watu wa nchi hii kukumbuka wote kwa pamoja kwamba wana akiba. Tukasimama mahali petu. Baada ya muda mtu mmoja mwenye kofia iliyoshushwa mpaka kwenye nyusi, na miwani ya jua ilhali nje kunanyesha, akaja akasimama nyuma yetu. Kutoka nje ya foleni ukishaingia ni kukiri jambo, na kuiruka ni jambo ambalo hapa mtu hulikumbuka akiwa kaburini. Hivyo alipotutambua hakuwa na pa kwenda.

Bi Maureen akageuka, akamtazama, akamnyooshea peremende.

"Hii ni nzuri kwa meno," akasema. "Daktari amehamia hapa?"

"Nimekuja kufanya ukaguzi," akanong'ona Bwana Lascelles.

Tulipofika dirishani, karani, binti mpole aitwaye Nasreen Akhtar, aliipokea fomu ya Bi Maureen, akaihakiki mstari kwa mstari, nami nikagonga muhuri. Nasreen akapiga simu, akasubiri, akatabasamu.

"Zimeuzwa, mama. Elfu thelathini na tano na themanini. Zinakuja zenyewe, hazitaguswa na kodi."

"Themanini!" akasema Bi Maureen. Akakaa kwenye kiti cha wateja na kulia kidogo, kisha akacheka. Sina fomu ya kuonyesha nilivyojisikia, ila nilifurahi sana.

"Anayefuata," akasema Nasreen.

Bwana Lascelles akasogea, akatoa hundi kwenye soksi. Kwa nini kwenye soksi, ukaguzi haujabaini.

"Nataka kuiingiza hii kwenye Aisa ya fedha taslimu," akasema kwa sauti ya chini. "Pauni elfu sitini."

"Fomu ya kuhamisha?"

"Sina. Nimezitoa mwenyewe kwenye hisa, wiki iliyopita."

Foleni nzima ilinyoosha shingo. Mbwa aliyekuwa anajikuna mlangoni aliacha. Hakuna mtu hapa Skelbeck asiyejua kwamba Aisa haibebwi mkononi. Lazima ujaze fomu, chama kipya kizivute pesa chenyewe kutoka kule ziliko. Ukizitoa wewe, hata kwa dakika tano, kinga imevuka mpaka na hairudi. Lakini fomu ina nakala inayokuja kwenye Daftari langu, na Mkurugenzi hakutaka jina lake lionekane humo.

"Bwana," Nasreen akasema taratibu, kama muuguzi, "kwa mwaka tunaruhusiwa kukupokelea elfu ishirini tu. Hizo arobaini sasa ni pesa za kawaida. Riba yake itakatwa kodi."

"Mpaka lini?"

"Maadamu zipo, bwana."

"Jamani," akasema Bi Maureen kutoka kitini. "Hata Ted analijua hilo, na Ted hajui siku ya kutoa pipa la taka."

"Mkuki kwa nguruwe!" mtu akasema huko nyuma kwenye foleni, na wengine wakakohoa, kwa kuwa kucheka mtu usoni si adabu yetu.

Mimi nilikuwa ofisa pekee mwenye Daftari mahali pale. Nikalifungua juu ya kaunta.

"Jina?" nikauliza.

"Unalijua jina langu, Clive."

"Kwa ajili ya Daftari, bwana."

Akalitaja. Nikamuuliza kama amebakiza chochote kwenye hisa. Akasema nusu nyingine, elfu sitini, na anataka kuihamisha kwa fomu, leo hii, kabla haijayeyuka. Nikampongeza kwa kufuata utaratibu, nikamsomea habari ya siku kumi na nne za kutafakari. Kanuni ile aliitunga mwenyewe, lakini alisikiliza kama mtu anayeisikia kwa mara ya kwanza.

Mwezi wa Mei nilipata kadi kutoka Filey, yenye picha ya pomboo. Bi Maureen ameandika: "Hakuna wa kugonga. Ted anakoroma. Nilikuwa nimesahau." Nimeibandika ofisini, juu ya ubao.

Bwana Lascelles huja Barabara ya Kinu kila Jumamosi na Jumapili. Huleta keki ya dukani. Ameshatia saini kumi na mbili, na kila wiki husoma barua yake ya hisa kwa sauti inayozidi kupungua. Jumamosi iliyopita aliniomba niharakishe tangazo hili, liende London kabla ya tathmini yake ya kazi. Waoga wa Skelbeck walikuwa tisa, akasema, Bi Maureen amekamilisha na kufutwa, wamebaki wanane. Hiyo ni asilimia kumi na moja. Hesabu ni sahihi, na ndiyo niliyoitangaza pale juu.

Ila leo, nikiwa naifunga ripoti, nimelipitia Daftari tena kama inavyonipasa. Nafasi ya tisa haiko wazi. Kuna jina, na limeandikwa kwa mwandiko wangu. Nimemweleza Bwana Lascelles, ambaye amesimama hapa getini na keki yake, naye ameniuliza kama hatuwezi kufumba jicho moja, kati yetu wawili tu.

Nimemwambia soko limetulia leo, atafakari kwanza.

Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyopewa na Waraka Namba Tisa, tangazo la hapo juu limefutwa, na hili ndilo litakalokwenda London: katika robo hii ya mwaka, woga haukupungua Skelbeck. Umepanda cheo tu.