Soko la Kimyakimya

Gari la matangazo lilizunguka mji mzima: kuanzia Jumatatu, soko letu la samaki, hapa kando ya ziwa, litafanya biashara kimyakimya. Sheria Ndogo ya Uratibu wa Sauti imepita. Ni marufuku kumshawishi kwa sauti mtu ambaye hajaomba kushawishiwa.

Aliyeiandika ni Revocatus, mwanasheria wa halmashauri, na aliipenda kama mtoto wa kwanza. Odeta, muuza sato, hakuipenda hata kidogo.

"Shikamoo, mwanasheria. Jamani, sato hajui kujinadi! Nisipoita wateja, ananiozea mezani. Wanangu wale nini?"

"Marahaba, mama. Jaza fomu namba saba, ya kuomba kunadi. Mteja naye atajaza namba nane, ya kuomba kushawishiwa."

Odeta akafunga safari hadi mahakamani Mwanza. Wakili wake, Farzana, akasema Katiba inampa kila mtu uhuru wa kutoa mawazo, na "sato huyu mtamu" ni wazo. Majaji watatu wakaandika.

"Tena sheria hii inawabagua wauza samaki," akaongeza.

Revocatus akaruka. Kubagua? Sheria yake? "Waheshimiwa majaji, haimbagui mtu! Inamhusu yeyote aingiaye sokoni!"

"Hata mwenyekiti wa halmashauri?" Farzana akauliza.

"Yeye ndiye wa kwanza!"

Majaji wakaamua kuwa sheria inakiuka Katiba. Ila hawakuifuta papo hapo. Waliipa halmashauri miezi sita iirekebishe, na kwa muda huo iwabane wote sawasawa, kama mwanasheria alivyoihakikishia mahakama. Revocatus alitoka kifua mbele. Miezi sita! Huo kwake ulikuwa ushindi.

Wiki iliyofuata, Mwenyekiti Shimba akaja sokoni na spika nne kuelezea mafanikio yake, maana uchaguzi ni mwakani.

"Ndugu wananchi..."

Odeta akanyanyua nakala ya hukumu. "Mheshimiwa, samahani. Mimi sijaomba kushawishiwa."

Wenzake mia mbili wakanyoosha mikono, kimya. Mgambo wa soko, ambaye kwake amri ni amri, akapiga saluti, kisha akachomoa waya wa spika.

"Nani kaandika upuuzi huu?" Shimba akafoka. Watu wakamgeukia Revocatus, aliyekuwa amefuatana na mwenyekiti. Maskini, alitamani ardhi immeze.

Baraza la madiwani likaitwa saa nane kamili. Saa nane na dakika sita, sheria ikawa imefutwa. Shimba akarudi sokoni mbio, akachomeka spika zake zote nne, akafungua mdomo. Hakusikika hata neno. Odeta na wenzake walikuwa wanaita wateja.