Ombi la Cheti cha Kukoma Kukua

Niederhellbach, Jumapili, 12 Mei

Kwa Daktari Roswitha Dillenburger,
Mganga Mkuu, hospitali ya mgongo, ng'ambo ya mto

Mheshimiwa Daktari,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mgongo wima, kama inavyotarajiwa kwa mtu wa kazi yako. Mimi ni Ottmar Kessling, seremala mstaafu, umri miaka sabini na saba. Ni babu yake Svenja, msichana wa miaka kumi na minne, ambaye mlimlaza kwenu wiki nne mwaka juzi kwa sababu uti wake wa mgongo umepinda. Mlimpokea mpindo ukiwa wa nyuzi thelathini na sita. Mkamfundisha mazoezi, mkamvisha kizibao cha plastiki ngumu chenye mikanda, mkamrudisha nyumbani. Aliyerudi si yule tuliyewaletea. Malalamiko yangu nayaweka hapa chini kwa namba, msije mkasema hamkuyaona.

1. Ngazi ya ukutani. Mliagiza afungiwe ukutani ngazi ya mbao ya kuning'inia na kujivuta. Svenja na mama yake wanakaa ghorofani kwetu, lakini ukuta wa huko ni mwembamba, kwa hiyo ngazi ikaja sebuleni mwangu, mahali pa kabati nililomchongea mke wangu Gerlinde tulipooana. Kabati sasa liko ukumbini. Gerlinde akienda msalani hupita ubavuubavu kama kaa, naye hajalalamika hata mara moja, jambo linalonikera zaidi. Isitoshe, ngazi yenyewe ni ya dukani. Niliigonga kwa kifundo cha kidole nikajua mara moja kuwa mbao zake hazikukauka vizuri.

2. Mchele. Mtoto akilala chini kufanya mazoezi, huwekewa vifuko vya mchele, kimoja chini ya bega na kingine chini ya nyonga, ili mwili ujue uende wapi. Gerlinde ameshona vitano. Kila Jumamosi tangu nizaliwe nimekula wali wa maziwa wenye mdalasini. Majuzi Gerlinde akakuta mchele umekwisha, akafungua kifuko kimoja akapika. Svenja akala kijiko cha kwanza, akatafuna polepole, akasema, "Bibi, hii ni nyonga." Tangu hapo sijaonja mdalasini kwa raha.

3. Pumzi. Nimevuta pumzi miaka sabini na saba bila mwalimu na sijawahi kukosea. Ninyi mmemfundisha kuwa pumzi hupelekwa mahali, yaani kwenye ubavu uliobonyea, kisha hutolewa taratibu kwa sauti ya "sss". Anafanya hivyo mezani. Anafanya hivyo kwenye basi la shule. Jumapili ya Matawi alifanya kanisani katikati ya mahubiri, mchungaji akanyamaza akidhani bomba la joto limepasuka, na mzee wa kanisa akateremka chini kulikagua. Nilimnong'oneza aache. Akanijibu, "Na wewe vuta, Babu. Upande wa kulia umelala usingizi."

4. Vioo. Hapa ndipo uchungu ulipo, Daktari, maana hapa mmeingilia fani yangu. Mlitaka vioo viwili ili ajione akijinyoosha. Sawa. Lakini mkamwambia pia kwamba asiiamini hisia yake, kwamba mtu aliyezoea kupinda akinyooka hujihisi amepinda. Yaani ukijiona uko wima, umepinda. Ukijiona umepinda, hongera. Nimefundisha vijana kumi na tisa useremala na hakuna hata mmoja aliyethubutu kuniambia maneno ya namna hiyo akabaki na kazi.

Mtu akijifunza kutazama, haishii kujitazama mwenyewe. Jumapili moja saa tisa na nusu, kahawa na keki ya plamu viko mezani na jirani yetu Hunold amekuja kutembea, Svenja alikwenda karakana yangu akachukua pima maji, ile ndefu ya alumini, akanilazia mabegani mbele ya mgeni. Kiputo cha ndani yake kilikimbia upande mmoja kikagoma kurudi. "Sentimita mbili na nusu," akasema mtoto. "Babu, wewe ungelazwa wiki sita." Hunold alicheka hadi keki ikamwanguka mapajani. Nilieleza kuwa bega hilo limeshuka kwa kubeba mbao tangu ujana wangu. Hakuna aliyenisikiliza. Ukikuta kinyozi hajanyolewa utacheka tu, nami sikuwalaumu, ila pima maji nimeifungia kwa kufuli.

5. Kizibao chenyewe. Saa ishirini na tatu kwa siku! Mtoto analala nacho, anasoma nacho, anakula nacho na kushiba nusu. Kiangazi kilichopita alivuja jasho hadi fulana ya ndani ikawa inabadilishwa mara nne, na mama yake, Anke, alikuwa akimpaka dawa mbavuni huku wote wawili wamefumba macho. Nikimkumbatia ni kama nimekumbatia sanduku la safari. Nikikigonga, Svenja hujibu, "Karibu, Babu, mlango uko wazi." Anacheka yeye. Mimi huenda karakana.

Kwa haki nikiri jambo moja. Kuna mvulana darasani aliyempiga kiwiko cha tumbo kwa utani, na aliyepelekwa kwa muuguzi wa shule ni yule mvulana. Hilo silihesabu kama lalamiko.

Imebaki saa moja. Zamani Svenja alikuwa akitoka shule anakuja karakana, anajilaza juu ya maranda na kunisimulia habari za walimu wake mpaka usingizi unamchukua. Sasa saa yake moja ya uhuru inagawanywa kati ya bafu na ile ngazi yenu. Nilipoomba dakika kumi, alitazama kijidaftari chake akanipa miadi: "Alhamisi, saa kumi na mbili na robo jioni, lakini usichelewe." Nilifika kabla ya wakati, nimechana nywele.

6. Sasa nifikie ombi. Kijijini kwetu, kwenye sikukuu ya mvinyo, wasichana waliopata kipaimara mwaka huo hufungua dansi na babu zao. Mwaka huu sikukuu ni tarehe 15 Juni, na zamu ni ya Svenja. Nimeingoja siku hiyo tangu alipozaliwa. Gerlinde ameshona gauni la kijani, linaning'inia ndani ya lile kabati la ukumbini, na halipiti juu ya kizibao. Nilidhani mambo ni rahisi. Lakini Bi Ebling, mwalimu wenu wa mazoezi, alituambia kwa upole wote kwamba kizibao hakivuliwi mpaka mifupa ikome kukua, na kwamba kwa Svenja huenda ikachukua mwaka na nusu. Alisema pia kwamba nyuzi zikipanda hadi karibu na hamsini, itabidi kisu. Picha ya mwisho ilionyesha ishirini na tisa. Basi zimeshuka, au sivyo? Ubao ukipinda tunaubana kwa jiliwa, tunausubiri, tunaufungua. Hatufungi nao ndoa.

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naomba atakapokuja kupimwa tarehe 4 Juni mtoe cheti rasmi, chenye sahihi na mhuri, kinachotangaza kwamba mifupa ya Svenja Kessling imekoma kukua. Nchi hii ina cheti cha kuzaliwa, cha kufuga mbwa na cha kuvua samaki; sioni kwa nini kisiwepo hiki. Mifupa ikipelekewa nakala, naamini itatii kama raia wengine. Na kama mhuri wenu hauna neno linalofaa, niko tayari kuwachongea mpya kwa mti wa peasi.

Nimalizie hapa nisije nikakuchosha. Nisalimie Bi Ebling, na mpishi aliyempa mtoto supu ya pili bila kuulizwa. Nisalimie wale wasichana wote niliowaona ukumbini wakining'inia kwa safu na kupumua "sss" pamoja. Msalimie pia fundi wa vizibao, ambaye simjui, lakini nimepitisha kidole kwenye kingo za kazi yake na sikupata kosa.

Wako mwenye malalamiko,
Ottmar Kessling, seremala

Baada ya sahihi, Jumamosi, 18 Mei: Bahasha hii nilimpa Svenja aipeleke posta. Amenirudishia ikiwa imefunguliwa, na pembeni mwa lalamiko la sita ameandika kwa penseli: "Bibi amelifumua gauni na kuongeza kitambaa kila upande. Tutacheza nikiwa na kizibao. Wewe fanya mazoezi ya bega, nisiaibike." Nimekaa karakana na maneno hayo tangu asubuhi, na sasa lazima niandike ambalo sikuliandika juu.

Fremu ya mlango wa karakana ina alama za urefu wake, kila Pasaka moja. Miaka mitatu iliyopita alisimama pale nimpige mstari, nikaona bega la kushoto limeshuka. Milimita sita. Macho yangu hayakosei milimita sita. Sikusema kitu. Dada yangu Traudel, kwa mgongo kama huu, alilazwa ndani ya plasta ngumu ya mwili mzima miezi kumi na mmoja, mwaka 1956; mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha, na alipotoka hakutaka tena kuguswa na mtu. Nilimwona Traudel mlangoni pale, nikaogopa. Nikajiambia mti mchanga hujinyoosha wenyewe. Samaki hukunjwa angali mbichi, kila mtu anajua, nami nilinyamaza mwaka mzima, mpaka mwalimu wa kuogelea alipomwona. Hakuna anayejua haya nyumbani.

Kizibao msikivue hata siku moja kabla ya wakati wake. Mtoto ana mwaka na nusu wa kubeba, na sehemu ya mzigo huo ni yangu, kwa kuwa nilinyamaza. Ile ngazi ya dukani nimeing'oa jana na kuweka nyingine niliyoichonga kwa mti mgumu uliokauka vizuri, itakayomchukua hata akirefuka kunipita.

Stempu nimeshaibandika na sipendi kuiharibu, kwa hiyo barua inakuja kama ilivyo. Tafadhali isome kuanzia hapa kwenye mkia, na yaliyo juu usimsomee mtu.