Mwezi Wangu wa Ugenini Pittsburgh

Jumapili, 6 Agosti

Nimefika Pittsburgh. Dkt. Okerlund, mlezi wetu wa wanafunzi wa udaktari kule Fargo, alinisihi nisije. Alisema mwezi wa mazoezi katika hospitali ya watu ni usaili wa mwezi mzima, na wengi hujiharibia wenyewe. "Desmond, vyeti vyako vinakusemea vizuri," aliniambia. "Mdomo wako ukitangulia, nani atavisoma?"

Wivu! Nimekuja kumvutia Dkt. Rourke, mkuu wa mafunzo ya ubingwa wa mifupa. Akinichagua, nitaishi na Tamsin, mchumba wangu, anayefundisha shule hapa. Asiponichagua, ni miaka mitano mingine ya kuonana kwenye simu. Sitaki hata kuiwaza.

Jumatatu, 7 Agosti

Nina mpinzani. Priyanka Venkataraman, mwanafunzi mgeni kama mimi, kutoka Houston. Mpole, na anajua kila kitu. Hatari!

Mbinu ya kwanza: kuwahi kujibu. Tukiwa thieta, chumba cha upasuaji, Dkt. Rourke akamuuliza Priyanka jina la neva fulani. Nikamdakia. Hata muuguzi aliacha kupanga vyuma. Baadaye daktari mmoja alinivuta pembeni, akanieleza kwa upole kwamba swali la mgeni mwenzako haliguswi, hata akikwama mpaka jioni. Isitoshe, jibu langu halikuwa sahihi. Priyanka akaniambia nisijali. Huyu ananichimba.

Alhamisi, 10 Agosti

Mbinu ya pili: ustahimilivu. Mwanafunzi ndiye hushikilia mguu wa mgonjwa juu wakati unapakwa dawa kabla ya kupasuliwa. Nikaamua kutokula wala kunywa, nisije nikaomba ruhusa ya kutoka. Mguu wenyewe wa dereva wa lori! Nikakataa kupokewa. Kisha nikaona nyota.

Nilipozinduka nilikuwa sakafuni, na mguu ulikuwa mikononi mwa Priyanka, salama. Baadaye aliniletea juisi na mkate wenye jibini. "Kula kwanza, ndugu yangu," akasema. "Mifupa haitaisha leo." Nilikaribia kumpenda kama dada. Nikajizuia.

Jumanne, 22 Agosti

Maafa. Leo kulikuwa na upasuaji mkubwa wa nyonga, nafasi yangu ya kuonekana. Nikapita wodini mara moja tu kumjulia hali Bi Pruitt, kikongwe aliyevunjika paja, naye akisubiri zamu yake alasiri. Akanishika mkono.

"Mwanangu yuko njiani anatoka Erie," akasema. "Kaa nami kidogo, baba. Naogopa nitalala nisiamke."

Ningefanyaje? Nikakaa. Nikamchana nywele, maana hakutaka mwanawe amkute vile. Akanisimulia jinsi marehemu mumewe alivyomchumbia huku wote wawili wakianguka kwenye barafu. Tukacheka mpaka jirani yake wa kitanda cha pili akaamka. Mwanawe alipofika, upasuaji wangu ulikuwa umekwisha. Nilijisikia vibaya na vizuri kwa pamoja. Kwa mwombaji nafasi, hiyo ni hasara tupu.

Ijumaa, 1 Septemba

Ushindi! Dkt. Rourke aliniita ofisini. Alisema nina papara, na kwamba hajawahi kuona mtu akishindana na mwenzake ambaye hashindani. Nikajua yamekwisha. Kisha akavua miwani.

"Bi Pruitt aliingia thieta ametulia, akiuliza yule kijana wake yuko wapi," akasema. "Mikono nitaifundisha mimi. Moyo sina pa kuutoa. Siwezi kukuahidi kitu, lakini nitakuandikia barua, na siku ya kuchagua nitakupigania."

Nilitoka machozi yakinilenga. Tamsin alinikumbatia mlangoni. Nampenda mno.

Baada ya chakula nikatafakari siri ya ushindi huu. Ni namna ninavyosimama. Mgongo wima, kidevu juu. Wakubwa huona. Basi nimeomba mwezi mwingine wa ugenini, Cleveland, Oktoba, nikawavutie na wale. Tamsin ameniuliza kwa nini niende tena, ilhali ninachokitaka kiko hapa. Nimemwambia hajui siasa za hospitali.

Katika maombi nimeeleza vizuri wepesi wangu wa kujibu na ustahimilivu wangu thieta. Bi Pruitt sikumtaja. Wasije wakadhani mimi ni mtu wa kupoteza muda.