Kamati ya Jembe la Miguu Mitatu

Kalerwe, Kampala
Mwisho wa Agosti

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Jembe,
Mjomba wangu mpenzi Yasiin,

Assalaam aleikum. Nakuandikia kwa adabu zote ambazo marehemu mama alinifunza kuhusu kaka yake mkubwa, na kwa hasira kidogo ambayo nimeifunika vizuri kama chakula cha wageni. Ikichungulia mahali, naomba uisamehe.

Shida yangu unaijua, lakini kwa kuwa kamati haijaigusa tangu kikao cha kwanza, nairudia. Shamba langu la Matugga lina tabaka gumu chini ya udongo, gumu kama sakafu ya saruji. Karoti zangu zikifika pale zinakuta mlango umefungwa, zinagawanyika, na kila moja inatoka na miguu miwili kama inayosubiri kushonewa suruali. Hapa sokoni wateja wananiuliza kama zimetembea zenyewe kutoka shambani. Msimu mwingine wa namna hii na meza yangu itakuwa ya kuuzia sungura chakula. Nilichohitaji ni jembe moja la kina, lile ambalo mafundi wa Katwe wanaliita sabsoila, la kufunga nyuma ya kitrekta changu na kupasua tabaka hilo kabla ya mvua. Siku ya Idd, nikiwa na pilau mdomoni, nikateleza nikauliza: jamani, nichague lipi?

Ukasema hilo ni jambo la familia, na jambo la familia lina kikao. Na sisi watu wa Kampala kikao tunakijua kimoja tu, kile cha harusi. Ndiyo maana leo jembe langu lina mwenyekiti, makamu, mtunza hazina, kamati ndogo ya mapambo, faini ya wanaochelewa na mnada wa mandazi wa kuchangisha fedha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Idadi ya miguu. Kitrekta changu ni chepesi. Kinaweza kuvuta jembe la mguu mmoja, yaani lenye chuma kimoja cha kuchimba, tena kikiwa kimekula vizuri. Kamati ikapiga kura ya miguu mitatu, kwa sababu wakwe zetu wa Bombo wana la miguu miwili. Maneno yako yameandikwa kwenye kumbukumbu: "Sisi iko watu ya heshima. Hapana peleka mguu moja kule, watu watacheka sisi." Mjomba, heshima haina nguvu za farasi. Ukumbuke mlivyotaka kuwaona wote wawili, trekta na jembe, wakiwa pamoja, nikapakia trekta kwenye lori hadi Katwe. Fundi Asuman alilifunga lile la miguu mitatu, akalinyanyua kidogo tu, na magurudumu ya mbele yakaacha ardhi. Mimi nimekaa kwenye usukani natazama mawingu, na kamati inapiga vigelegele, ikidhani trekta imefurahi.

2. Rangi. Binamu yangu Nabilah, mkuu wa mapambo, alitumia kikao kizima kuthibitisha kwamba jembe la buluu halitapendeza nyuma ya trekta ya rangi ya chungwa. Nilieleza kwa upole kwamba jembe likiwa kazini liko chini ya ardhi, na atakayeliona ni mnyoo. Nikatozwa faini kwa kumkatiza msemaji.

3. Posa. Hapa ndipo nilipoanza kukosa usingizi. Mlituma wazee Katwe na sinia za chakula kwenda kuzungumza na Asuman, ambaye alikuwa muuzaji tu na mimi mnunuzi tu. Tangu mlipomfunulia ule wali amegeuka baba mkwe. Nikimpigia simu nimuulize unene wa chuma, ananiuliza jembe litalala wapi, na kama paa langu linavuja. Juzi nilimwomba aniuzie la mguu mmoja kimyakimya, akanijibu kwa huzuni, "Mama, hata mimi naona hiyo tulakita iko ndogo. Lakini nimekula chakula ya kamati, sasa nafanya nini?" Akaongeza kwamba wazee wa upande wake bado wanashauriana. Mjomba, huyu mtu ana karakana, hana wazee. Amewatafuta wapi?

4. Bolti. Kila jembe la namna hii lina bolti moja laini ya kukatika kwanza, ili likigonga jiwe ikatike yenyewe na jembe lipone. Mjomba Kamis anataka bolti ngumu isiyokatika kamwe, wewe unataka ile laini, na mmebishana kuihusu vikao vyote vya mwezi huu. Ninyi ni ndugu wa tumbo moja ambao hamkusalimiana tangu lile lori lenu lilipouzwa. Kwenye mazishi ya mama mlisimama kila mmoja upande wake wa kaburi, na hilo liliniuma kuliko yote ya siku ile. Sasa mnakula sinia moja. Jumapili nilikuona ukimwekea paja la kuku huku ukimwambia hajui kitu kuhusu bolti, naye akalila. Hili sijui limeingiaje kwenye malalamiko, lakini nimeshaliandika kwa kalamu ya wino.

5. Mvua. Hili ndilo kubwa. Kazi hii hufanywa udongo ukiwa mkavu, maana ukiwa mkavu unapasuka kama biskuti, na ukilowa jembe linapita kama kisu kwenye sabuni na tabaka linabaki palepale. Wingu limeanza kukaa upande wa ziwa. Kamati, ikijua hayo yote, imeahirisha uamuzi hadi sare zishonwe, na ajenda ya kikao kijacho ni mahali ambapo trekta na jembe watapumzika siku saba za kwanza. Mjomba, watapumzikia shambani. Wakilima.

Kwa hiyo naiomba kamati yako tukufu ichague moja kati ya mawili. Ama ivunjwe leo, nimnunue huyo wa mguu mmoja bila nderemo; ama itangaze tarehe ya ndoa tuimalize, na mimi nitakaa upande wa trekta kwa kuwa ndiye niliyemlea. Ikiwa jembe lazima liwe la miguu mitatu, basi upande wenu umtafutie trekta mume mwenza wa kusaidia kuvuta. Nimefikiri sana, na kwa mwendo wa vikao vyetu naona hilo ndilo litakalopita kwa kura nyingi.

Naomba lolote mtakaloamua mliamue haraka. Haraka, Mjomba.

Wasalimie wote wa nyumbani, wakubwa na wadogo, kamati ndogo na kamati kuu. Msalimie Nabilah na vitambaa vyake. Mjomba Kamis nasikia siku hizi mnakwenda pamoja kunywa kahawa baada ya alasiri, kwa hiyo salamu zake nakuachia wewe umpe.

Mimi mpwa wako mtiifu, mwenye karoti za miguu miwili,
Zulaikha

N.B. Barua hii ilikuwa bado mkobani nilipofika Matugga leo asubuhi. Mzee Oola, yule polisi mstaafu tunayepakana naye shamba, alinisikia nikilalamika peke yangu, akaniuliza kwa nini sikumwambia. Kumbe analo la mguu mmoja, limejaa kutu, halina rangi yoyote, na kuku wake walikuwa wanalilalia. Tukalifunga. Hadi magharibi shamba lote limepasuka. Nimechomeka chuma ardhini kikaingia chote bila ubishi, na nimecheka mpaka Mzee Oola akaniletea maji. Jembe silihitaji tena.

Lakini usiiambie kamati, hasa Mjomba Kamis. Kikao cha Jumapili kifanyike kwangu, mchele upo na kuku wapo, na sinia nitaandaa ile kubwa moja. Nina ajenda mpya: nahitaji mashine ya kupandia mbegu, na nasikia ziko za aina nyingi mno, kila moja na bolti zake. Naomba mzichunguze zote. Tafadhali, msiharakishe.