Mazoezi ya Roma Yaliyonipa Mimba Overport

Jamani, nimedhalilika. Leo, mchana kweupe, kwenye mlango wa duka la vyakula hapa Overport, Durban, na mama yangu aliyeko Kigoma ameshuhudia yote.

Ngoja nianze mwanzo, maana wengine mmeshapata habari kutoka kwa Mama Plamedi, na habari ya Mama Plamedi ina mtoto ndani.

Mnajua mwezi ujao naenda Roma. Peke yangu. Siendi kwa ndugu, siendi kusoma, siendi kuolewa. Nimeshona sare za shule hapa Durban miaka yote hii, nimejinyima, visa imetoka, naenda kuona yale magofu na makanisa kwa macho yangu, halafu narudi. Basi! Lakini kila ninayemwambia anauliza, "Unaenda kwa nani?" Nikijibu siendi kwa mtu, ananitazama kama nimeficha maiti. Kwenye kwaya yetu hakuna hata mmoja anayeamini kwamba mtu wa kwetu anaweza kupanda ndege kwenda kutazama majengo.

Sasa, kwa kuwa sijawahi kusafiri peke yangu, nimekuwa nikifuatilia video za dada mmoja aliyezunguka Ulaya bila mwenzake. Ushauri wake ni mzuri sana (kwenye video). Viatu vipya vivae kwanza nyumbani vilainike, maana barabara za Roma ni za mawe. Koti zito usilipakie, livae, begi libaki jepesi. Pasipoti ifunge tumboni, ndani ya nguo, wezi wasiione. Usisimame barabarani na ramani kama kondoo aliyepotea. Ingia dukani, ndiyo uangalie simu. Mtu akikugusa bega ili akuuzie ua au kikuku, sema "No, grazie," yaani hapana, asante, usigeuke, endelea na safari. Halafu akamalizia: "Fanya mazoezi mtaani kwako kabla ya kuondoka."

Mtaani kwangu! Yeye mtaa wake sijui uko wapi. Wangu uko Durban, mwezi wa Desemba, na jasho linaanza ukiwa bado umelala.

Nikatii. Mimi nikiamua jambo huwa nalifanya lote. Mfuko wa tumboni nimeushona mwenyewe, kitambaa cha turubai, kamba nene, mafundo mawili mgongoni yasifunguke. Nikatia pasipoti, betri ya kuchajia simu, dawa za kichwa, soksi za akiba na biskuti. (Soksi za nini? Sijui. Nafasi ilikuwepo.) Juu nikavaa gauni. Juu ya gauni, koti la sufu la mtumba nililolipata Pinetown, linafika chini ya magoti. Chini, buti mpya. Nikajitazama kwenye kioo nikajiona Mrumi kabisa.

Nikatoka. Kile kilima cha kuja madukani mnakijua. Nilipofika nusu, buti zilikuwa zimeshaanza kunila visigino. Nilipofika kwenye robot, zile taa za barabarani, dereva mmoja wa taxi akapunguza mwendo, akanitazama, akatingisha kichwa, akaondoka bila hata kupiga honi. Dereva wa taxi! Wale wanampigia honi hata mtu aliyekaa barazani kwake!

Nikaingia dukani nifanye zoezi la ramani. Nikasimama mahali penye utulivu, nikafungua simu, nikaanza kutafuta njia ya kutoka hotelini kwangu kule Roma mpaka kwenye uwanja wa kwanza nitakaoutembelea. Sikuangalia nimesimama wapi. Nilikuwa nimesimama mbele ya nepi.

Mara mkono ukanigusa bega.

Wapendwa, nilikuwa nimejizoeza sentensi ile wiki nzima, mbele ya kioo, nikiwa kwenye cherehani, nikiwa bafuni. Ikatoka yenyewe.

"No, grazie!"

Sikugeuka. Nikaondoka kwa haraka ya kujiamini, kama dada wa video alivyofundisha. Nyuma yangu nikasikia sauti ya Mama Plamedi, mama yetu Mkongo anayeongoza sauti ya kwanza kwenye kwaya: "Sekunda? Ni miye! Unakimbia nini?"

Ningegeuka pale, yangeishia pale. Lakini niliona aibu, na miguu ilishaamua. Nikafika mlangoni, na mlangoni kuna mlinzi. Sasa fikiria kazi yake yule kaka. Mwanamke kavaa koti la sufu kwenye joto lile, hajanunua kitu, katikati ana uvimbe, anatoka mbio huku anaitwa. Akanyoosha mkono, akaniambia kwa Kiingereza:

"Sister, samahani. Fungua koti."

Nikafungua. Akatazama tumbo. Akatazama uso wangu unaochuruzika jasho. Uso wake ukabadilika kabisa, akashika kifua.

"Eish! Sorry, mama! Sorry!"

Akanivutia kiti. Nikataka kumwambia hapana, si hivyo, lakini kizunguzungu kilikuwa kimenipata kwa lile joto, nikakaa kama gunia. Na ndipo Mama Plamedi akafika, na nyuma yake, akiwa amebeba mfuko wa unga begani, Gastoni aliyemsindikiza dukani. Gastoni ni yule Mrundi mpole anayetupigia kinanda. Mrefu, hasemi, akisalimiwa anatazama viatu. (Ndiyo, nilishawahi kusema ana mikono mizuri. Nilisema mara moja. Acheni.)

Mama Plamedi akaniangalia, koti wazi, tumbo mbele, jasho, kiti. Akaweka kiganja kwenye mfuko wangu, pale pale kwenye betri.

"Yesu wangu! Iko nguvu kama jiwe! Hii iko mvulana!"

"Mama Plamedi, si mimba."

"Nyamaza, usichoke. Kumbe njo maana unaenda Ulaya peke yako! Unaenda kuzaa kwa siri! Miye nilikuwa najiuliza, nani anaenda kuangalia manyumba?"

"Mama, naomba unisikilize..."

Hakunisikiliza. Alikuwa ameshatoa simu. Mama yangu alikuja kunitembelea mwaka jana, wakapatana wakawa kama mapacha, na leo nimejuta kuwakutanisha. Simu ya picha ikapokelewa. Uso wa mama ukatokea, ana kilemba cha jikoni.

"Mama Sekunda, ukae kwanza," Mama Plamedi akamwambia, na akanielekezea simu tumboni.

Mama akausogeza uso kwenye kioo cha simu. Halafu mama akauliza, polepole, kwa ile sauti inayonirudisha darasa la pili: "Sekunda. Ya nani?"

Hapo watu wa foleni ya kulipa walikuwa wameshaacha kulipa. Kiswahili hawakijui, ila tumbo ni lugha ya kila mtu. Mama Plamedi akageuka kutafuta mwanamume, na mwanamume aliyekuwa karibu alikuwa mmoja tu.

"Gastoni?"

Gastoni akaweka unga chini. Nilijua atakana, na alikuwa na haki ya kukana. Masikini akainua kichwa, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu tujuane.

"Si wangu," akasema. "Lakini kama mwenyewe amemkimbia, mimi nitamlea."

Ndugu zangu! Mama Plamedi akalitafsiri kwa Kiingereza, foleni nzima isikie. Mlinzi akavua kofia. Mama Plamedi akaanza kulia kwa sauti ya kwanza. Na mimi badala ya kuguswa nikachanganyikiwa, nikasimama, nikapeleka mikono mgongoni chini ya koti, ndani ya zipu ya gauni, kuuvuta ule mfuko. Mafundo yakagoma. Nimeyafunga mwenyewe! Nikaanza kujinyonganyonga, ninavuta, ninahema, ninakunja uso.

"Anazaa!" Mama Plamedi akapiga yowe. "Uchungu umeanza!"

"Nipeni kisu!" nikapiga kelele.

(Najua. Najua inavyosikika.)

Mlinzi, Mungu ambariki, ndiye aliyeelewa kwamba kuna kamba. Akaleta kile kisu cha kufungulia maboksi, akakipenyeza chini ya koti, hapo hapo kwenye zipu, akakata. Mfuko ukateleza ndani ya gauni ukaanguka sakafuni, katikati ya miguu yangu, mbele ya foleni yote. Pu! Ukafunguka. Soksi zikatoka kwanza, zimekunjwa kwa umbo baya sana. Bibi mmoja kwenye foleni akafumba macho.

Kutoka kwenye simu nikasikia: "Nini hicho kimetoka?"

"Mfuko, mama!"

"Mfuko wa uzazi?!"

"WA PASIPOTI, MAMA!"

Nikaokota pasipoti nikaionyesha kwenye simu, nikaionyesha kwa Mama Plamedi, nikaionyesha hadi kwa foleni, kama refa. Yule bibi akafumbua macho. Mama Plamedi akafuta machozi, akaonekana kabisa kuwa amekasirishwa, kana kwamba nimemnyang'anya mjukuu. "Na ile no-grasi uliniambia, njo nini?"

Gastoni alikuwa amerudi kutazama viatu, masikio yamemuiva. Nikamwambia asante, kwa sababu sikujua mtu huambiwa nini katika hali ile. Akasema, "Haina shida." Akainua unga wake akaondoka. Amesahau hata kumsubiri Mama Plamedi.

Na simu ilikuwa bado hewani. Mama akakohoa.

"Sawa, mwanangu, hakuna mtoto. Lakini yule kijana mrefu, jina lake nani vile?"

Nimerudi nyumbani pekupeku, koti kichwani kama mzigo, visigino vimechubuka. Simu ina ujumbe wa pongezi kutoka kwa watu wa Chatsworth, mtaa wa mbali kabisa, ambao hata siwajui.

Kwa hiyo nyie mnaotaka kusafiri peke yenu mara ya kwanza: mazoezi yafanyieni chumbani, mlango umefungwa. Na yeyote atakayecheka kesho kwenye kwaya nikiingia, ajue kinanda kitakuwa kinapigwa na mtu aliyeniposa mbele ya foleni nzima ya duka, na nyote mtatulia.