Koti la Theluji Ukweni Liuli

Kwa miaka mingi nimeamini kwamba baridi ya Mbinga inatoka Ulaya, imefungwa ndani ya marobota ya mitumba. Mtu mmoja sokoni alinieleza: kule nguo hufungashwa theluji ikianguka, na robota likifunguliwa huku baridi inatoka kama moshi. Tangu serikali iruhusu mitumba, akasema, kipupwe kimezidi ukali. Nikaamini moja kwa moja (na cheti cha masomo ya jioni ninacho, nimekitundika ukutani).

Ndugu zangu wa darasa la jioni, imani hiyo leo imeniumbua ukweni.

Habari ya Eda, binti ninayetaka kumwoa, mnaijua. Mimi Mkatoliki wa milimani, yeye Mwanglikana wa ziwani, Liuli. Baba yake ni mzee wa kanisa. Alisema hamkatai mtu kwa sababu ya dhehebu, ila anataka kwanza kumsikia huyo kijana akiongoza sala nyumbani kwake, ajue kama anamjua Mungu au anamjua Eda tu. Siku ya kusikilizwa ilikuwa leo.

Nikaandaa tafakari: mafundisho ya imani tunayopewa na baridi. Na ili yaeleweke, nikanunua koti la mtumba. Jamani, koti! Linafika kwenye vifundo vya miguu, kofia yake ina manyoya, ukilivaa ni kama umebebeshwa kondoo wawili. Mpango ulikuwa mzuri: mwisho wa tafakari nilivue, nimfunike nalo bibi yake Eda mbele ya watu wote. Upendo kwa vitendo. Nani atamnyima mke mtu wa namna hiyo?

Alfajiri Mbinga ilikuwa imemezwa na ukungu. Nikapanda lori, nikakaa juu ya magunia ya mahindi, zipu nimeifunga mpaka kidevuni. Lori likaanza kuteremka. Kila kona mtu mmoja alivua sweta. Mimi sikuvua (somo lingepungua nguvu). Tulipoliona ziwa, jasho lilishafika kwenye soksi.

Familia ilikuwa imekaa uani, kando ya mkeka mkubwa wa usipa, dagaa wa ziwa hilo, walioanikwa. Nikawaamkia. Mama yake Eda aliitikia kwa mbali, ameangalia pembeni, maana kwao kama kwetu mkwe na mama mkwe hawasogeleani, seuze kushikana mikono. Bibi alikuwa na kanga moja begani, anajipepea nayo.

Nikaanza. Nikawaambia ukungu wa kwetu unaweza kukuficha hata mti wa kahawa ulioupanda mwenyewe, lakini mti upo palepale na kahawa inaendelea kuiva. Ndivyo alivyo Mungu siku usipomwona. Mzee akatingisha kichwa kukubali. Nikawaambia baridi huwaleta ndugu waliogombana kwenye moto mmoja. Bibi akasema amina.

Hapo ndipo ningekaa. Badala yake nikaongeza la marobota: kwamba dhambi nayo hutujia kama hiyo baridi ya Ulaya, imejificha ndani ya nguo nzuri. Eda akainamisha kichwa. (Nikadhani ameguswa.)

Nikashika zipu nimalizie kwa vitendo. Zipu ikakataa. Nikaivuta, ikang'ata shati. Nikaona heri nilivue kwa juu, kama fulana. Mikono ikapanda, kichwa kikazama, kofia ikaniziba macho, nikabaki nimesimama kama mgomba uliovishwa gunia. Nikapiga hatua, usipa wakalia kacha kacha chini ya kiatu. Nikateleza. Nikapapasa, nikapata bega la mtu, nikalikumbatia kwa nguvu zangu zote.

"Bibi, nishike, nakufa."

"Mimi niko huku," sauti ya Bibi ikajibu, kutoka upande mwingine kabisa wa ua.

Niliyemkumbatia alikuwa mama mkwe.

Bibi alicheka mpaka akalala chini. Eda alikuja na kisu cha samaki, akalipasua koti lote mgongoni, nikatoka humo nimelowa kama kambale. Mama mkwe alikuwa ameshakimbilia ndani na mlango kaufunga. Nikaketi kusubiri kuambiwa nilifuate lori.

Mzee aliinama, akaokota usipa waliobaki wazima. Kisha akasema nitamletea mama mkwe kuku wa kumfutia aibu. Na siku ya kuja na kuku huyo, nisije peke yangu, nije na mshenga.

Nikainuka kushukuru. Akaniambia niketi, bado kuna jambo moja.

"La ukungu nimelishika, mwanangu. Lakini baridi haiji kwenye marobota. Mimi nilikaa Mbinga miaka ile mitumba ni marufuku, na tulitetemeka hivyohivyo. Kwenu ni mlimani, basi."