Namna Nilivyoipasha Joto Nyumba ya Magokoro

Jumapili, 3 Agosti
Mkutano wa familia. Nimesikiliza kutoka jikoni nikimenya ndizi. Tangu Januari bibi yangu, Magokoro, ana nyumba mpya ya matofali. Lakini kukiwa na baridi huchukua blanketi na kurudi kwenye nyumba yake kuukuu ya udongo, akalale kando ya moto. Daktari amesema moshi unamharibu kifua. Baba Mdogo Ogeto, wa ofisini Kisii, amesema kama mama yao hatatulia nyumba mpya kufikia Jumapili ijayo, atamchukua akaishi naye Mosocho. Magokoro akasema nyumba mpya ni baridi kama mtungi. Baba akasema ni mazoea tu. Magokoro akamwambia alale humo yeye, basi.



Mimi ndiye ninayelala chumba kimoja na Magokoro. Aende Mosocho? Hapana! Nitaipasha joto nyumba hiyo. Mwalimu Onyiego alitufundisha kwamba hewa iliyotulia huzuia joto kutoroka. Katika mada hiyo nilipata alama ya juu kabisa, "kuzidisha matarajio". Imeandikwa kwenye ripoti.

Jumatatu, 4 Agosti
Sakafu kwanza. Magokoro anasema baridi ya saruji humpanda hadi magotini. Nimetandaza majani makavu ya migomba chini ya zulia, unene wa shubiri. Laini kama godoro! Magokoro aliingia, akazama, akauliza ni ng'ombe gani anayekaribia kuzaa humu.

Jumanne, 5 Agosti
Sakafu imeshindikana. Kuku watatu wameingia chini ya zulia kutaga. Mmoja amekataa kutoka na amemdonoa Magokoro kidole cha mguu. Mayai manne. Baba amesema hiyo ndiyo faida ya kwanza ya elimu yangu.

Jioni Mokeira, binti wa Baba Mdogo, ametuma picha kwenye simu ya Baba. Dari yao ya jipsamu, yenye taa pembeni pande zote. Ameuliza kama nyumba yetu imeshaangua vifaranga. Nani amemwambia? Namshuku Baba.

Jumatano, 6 Agosti
Siku ya kufikiri. Nimezunguka nyumba zote mbili. Ya udongo ina nyufa, mlango haufungi, mabati ni yale yale. Ina joto. Ya matofali ina madirisha ya vioo. Ina baridi. Kwa mujibu wa daftari langu ingekuwa kinyume. Nimesoma daftari tena. Limeshikilia msimamo wake.

Halafu nikatazama juu. Nyumba kuukuu ina dari ya mbao, na juu yake mahindi yote ya msimu huu. Nyumba mpya haina dari. Kumbe ni mbao! Mbao ndizo zenye joto. Basi zihamishwe.

Alhamisi, 7 Agosti
Baba alipoenda kuchuma majani chai, nilizing'oa mbao zote. Kumi na moja. Mahindi nimeyateremsha kwa karai, yako barazani. Mbao hazitatosha chumba kizima, kwa hiyo nimeshona pamoja magunia sita ya majani chai, nikayajaza majani ya migomba.

Sikujua kwamba Baba angeyahitaji magunia leo leo. Amepeleka chai kwenye kituo cha mauzo katika shuka la maua. Karani alimwuliza kama majani yanaenda harusini. Baba ananisimulia bila kucheka. Nadhani amechoka.

Ijumaa, 8 Agosti
Kugongelea misumari tangu asubuhi. Upande wa miguu umekamilika. Upande wa kichwa bado. Magunia yananing'inia kama kiwele. Magokoro alisimama mlangoni akasema jua limefika mlimani, Sabato inaingia, niweke nyundo chini. Nikaomba misumari mitatu tu. Akasema hata mmoja ni kazi. Akatazama dari, akatazama kitanda, akachukua blanketi lake.

Sabato, 9 Agosti
Magokoro ametoka nyumba ya udongo akikohoa, amevaa koti la Baba. Amesema kwa miaka arobaini hajawahi kusikia baridi mle, na sasa upepo umepafanya barabara. Sote tukaingia kutazama juu. Hakuna mbao, hakuna mahindi. Joto la moto linaenda moja kwa moja kwenye mabati. Baba aliniambia polepole, kama mtu anayesema na mgonjwa, kwamba ni lile rundo la mahindi lililokuwa likizuia joto.

Nimechanganyikiwa kabisa. Mahindi ni chakula!

Magokoro amesema sasa ana nyumba mbili za baridi. Ameomba mkoba wake.

Jumapili, 10 Agosti
Amekwenda. Kabla gari halijaondoka aliniambia nile vizuri na nisishike nyundo. Chumba kimekuwa kikubwa. Mokeira ameandika kwamba kwao Magokoro analala bila soksi. Nilikunja blanketi lake, nikalikunjua, nikalikunja.

Jumatano, 13 Agosti
Magokoro amepiga simu! Amesema nyumba ya Mosocho ina joto, ndiyo, lakini asubuhi wote wanatoka na kufunga geti, na yeye anabaki akiongea na friji. Nayo hunung'unika tu. Atarudi Ijumaa kabla ya jua kutua. Atalala nyumba mpya, mradi fundi aiwekee dari ya kweli, na mahindi yake yarudi mahali pake. Sharti la mwisho: Nyanchera, yaani mimi, asiguse nyumba yoyote kati ya hizo mbili. Nimeahidi. Nimelia kidogo.

Alhamisi, 14 Agosti
Fundi amemaliza. Mahindi yako juu. Sikugusa kitu, nilishika ngazi kwa macho tu.

Halafu nikamfikiria Magokoro, kwa umri wake, akienda chooni alfajiri na baridi hii. Choo cha shimo si nyumba. Nimekikagua. Kuta ni nzuri. Lakini juu ya mlango kuna matundu manne, wazi kabisa, na nyuma kuna bomba refu linalopitisha hewa mchana na usiku! Sielewi aliyekijenga alifikiria nini. Nimeziba yote kwa matambara, bomba pia. Nimesimama ndani na mlango umefungwa: hakuna hata upepo kidogo.

Kesho Magokoro atashangaa.